Nyumba ya kontena ya kukunjua ya futi 20, kwa mazingira ya Tanga: alama tatu kati ya tano

Bidhaa tunayoipima ni ile nyumba ya kukunjua kutoka China ambayo video zake zimejaa kwenye simu za watu. Sanduku jeupe linashushwa na winchi, vijana wanne wanavuta mbawa mbili, na kabla chai haijapoa kuna vyumba viwili, sebule, jiko na choo. Ikiwa imekunjwa ina urefu wa mita 5.9, upana wa mita 2.2 na kimo cha karibu mita 2.5. Ikikunjuliwa upana unafika mita 6.3, yaani mita za mraba 37 kwa vipimo vya nje. Viwanda hupishana kwa sentimita chache tu, na kilicho tofauti kweli kimefichwa ndani ya paneli. Huko tutafika.

Tuitoe hukumu mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Kwa anayetafuta unafuu wa bei, Tanga si mahali pake. Huu ni mji wa saruji: kiwanda cha Simba kiko Pongwe na wafyatua tofali wako kila mtaa. Nyumba ya tofali ya ukubwa huohuo inakula kama tofali 1,100 za inchi sita, tukihesabu kuta za nje, za ndani na kozi tatu za msingi. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali 30 hadi 35. Chukua bei ya tofali ya wiki hii mtaani kwako uzidishe, ongeza bati, milango, lipu na ufundi, kisha ulinganishe na hesabu iliyo hapa chini. Nyumba ya kukunjua inanunua muda, na inanunua uwezo wa kuhama. Mwenye mradi wa miaka mitatu, mwenye kiwanja cha kukodi, au anayetaka nyumba ya mlinzi au ya wageni wa ufukweni bila kulea mafundi miezi sita, huyo tunaongea lugha moja.

Bei ya tangazo na bei ya mlangoni

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kusoma bei bila kusoma herufi zinazoifuata. EXW ni bei ya nyumba ikiwa bado kiwandani. FOB ni ikiwa imeshapakiwa melini kule. CIF ni pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandari ya huku, na hiyo ndiyo forodha inayoanzia hesabu zake. Kwa hiyo ofa ya EXW haiwezi kushindanishwa na ofa ya CIF hata siku moja.

Tuchukue namba za mfano. Nyumba Dola 7,500 FOB, sehemu yake ya nauli na bima Dola 2,500, jumla CIF Dola 10,000. Bidhaa iliyokamilika kwenye jedwali la ushuru la Afrika Mashariki hubeba kawaida asilimia 25, hiyo ni Dola 2,500. VAT ya asilimia 18 haikatwi kwenye 10,000, inakatwa kwenye 12,500, nayo inatoa Dola 2,250. Tayari uko 14,750, na bado kuna tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, za wakala wa meli na za wakala wako mwenyewe. Bei za soko hubadilika, uwiano huu haubadiliki haraka: kila Dola 100 za CIF zinakuwa 147 na nusu kabla hujagusa lori. Ndiyo maana tunasema bei ya tangazo ni nusu ya safari.

Hiyo "sehemu yake ya nauli" ina jambo. Kontena la futi 40 la kimo kirefu (high cube) linaingiza nyumba mbili zilizokunjwa, moja nyuma ya nyingine. Ukiagiza moja unalipia hewa ya nusu ya pili. Majirani wawili wakishirikiana wanaokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote la kiwandani, ila waandikiane mapema ni jina la nani litakaa kwenye bili ya shehena (bill of lading), maana huyo ndiye TRA inayemjua, mwingine ni ahadi tu.

Kwenye nyaraka nyumba iandikwe kwa jina lake: nyumba iliyotengenezwa tayari, fungu la 94.06. Wapo wauzaji wanaojifanya wakarimu wakaandika "vyuma" au "kontena" ili ushuru upungue. Ukarimu huo unageuka faini mzigo ukifunguliwa. Kiyoyozi, vitanda na makabati yasiyofungwa ukutani yanaweza kuhesabiwa kwenye mafungu yao, kwa hiyo yaorodheshwe peke yake. Cheti cha ukaguzi kinachotambuliwa na TBS kitolewe mzigo ukiwa bado China. Kukifuatilia kontena likiwa limeshafika ni kulipa ukaguzi huku siku za ghala zikihesabika.

Bandari yetu sasa si ile ya matishari. Gati mbili zina jumla ya mita 450, kina kimechimbwa hadi mita 13, meli inafunga ukingoni. Hata hivyo uliza swali moja ambalo wengi hulisahau: kontena tupu linarudishwa Tanga au Dar? Kama ni Dar, kuna kilomita 350 za kulisafirisha tupu, na siku za bure ambazo kampuni ya meli inakuachia kukaa na kontena lake hazijali kwamba wewe uko Tanga. Uliza kabla ya kulipa nauli.

Msingi: sehemu ya bei ndogo yenye makosa makubwa

Nyumba ina mistari minne ya kuegemea: mihimili miwili ya sanduku la katikati na kingo mbili za nje za mbawa. Kila mstari upewe nguzo tatu fupi, jumla 12. Chimba sentimita 60, mimina kitako cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa 20, kisha nguzo ya 30 kwa 30 yenye kimo cha 80, nusu yake ikiwa ardhini. Hiyo ni zege ya mita za ujazo 1.7 na kidogo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne utatumia mifuko 12 ya saruji, na kila mfuko unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Fundi akizidisha maji ili zege iteleze, nguvu ndiyo inayoteleza. Nondo za milimita 12 zinatosha tano: kila moja inatoa vipande kumi vya mita 1.2, unahitaji vipande 48. Ringi ni za milimita 8.

Kusawazisha ndiko kazi ilipo. Pima maji ya sentimita 60 haifai kwa umbali wa mita sita. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, upime nguzo zote 12 kwa alama moja. Mimina kila nguzo ikiwa pungufu kwa sentimita mbili, kisha malizia kwa bamba la chuma na vipande vya kusawazishia mpaka tofauti kati ya nguzo ya juu na ya chini kabisa isizidi milimita tano. Nguzo ya nje ikiwa chini, sakafu ya bawa inaning'inia kwenye bawaba, mlango unagoma na ufa unafunguka kwenye kona. Ikiwa juu, paa la bawa halishuki sawasawa na maji ya mvua yanarudi ndani. Kati ya lawama zote tunazozisikia za "nyumba mbovu", nyingi ni za nguzo mbovu.

Mwagilia zege siku saba, uipe wiki mbili kabla ya mzigo. Hapa ndipo "siku moja" ya tangazo inapokuwa siku 20. Anayekupa ratiba fupi kuliko hiyo anauza waja leo waondoka leo.

Kushusha na kukunjua

Sakafu ya kontena likiwa juu ya trela iko zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na nyumba ya ndani kabisa lazima ivutwe mita sita kabla ya kuonekana. Usijaribu kufanya hivyo mtaani. Itoe nyumba kwenye kontena ikiwa bado yadi, kwa foklifti, ipakie kwenye lori la wazi, kisha winchi iishushe kiwanjani. Uzito ni kati ya tani tatu na nne. Usikisie, soma orodha ya mzigo umpe mwenye winchi namba. Mwambie pia umbali kutoka pale lori litakaposimama hadi katikati ya msingi, maana winchi inayobeba tani nne karibu yake haibebi hata moja ikinyoosha mkono. Waya za umeme za mtaani zikaguliwe siku moja kabla. Na msipange kazi hii katikati ya masika, Aprili na Mei, kwenye njia isiyo na lami.

Sanduku la katikati likikaa, lifungwe kwa boliti kwenye nguzo kabla ya kufungua chochote. Bawa la kwanza likitoka, uzito unahamia upande mmoja. Paa la bawa linanyanyuliwa kwanza na kuegemezwa kwa mirunda, halafu sakafu inateremshwa taratibu kwa kamba hadi ikae juu ya nguzo za nje, ukuta wa pembeni unasimamishwa, mwisho kuta za mbele na nyuma zinazungushwa. Watu sita, kwa muda wa saa tatu au nne bila papara. Wanne wa kwenye video wapo, ila wamefanya mara mia.

Matundu ya ziada yakatwe kwa msumeno wa chuma, si grinda. Cheche za grinda zinatua kwenye bati jeupe, na baada ya wiki mbili za hewa ya bahari ukuta mzima una madoa ya kutu kama ndui.

Paa ndilo linaloipunguzia alama

Mbawa zinakutana na sanduku la katikati kwenye mistari miwili ya mita 5.9, yaani karibu mita 12 za mshono, juu ya paa ambalo mteremko wake ni wa kubahatisha. Kiwandani wanaweka raba na kukupa chupa za silikoni. Sasa fikiria: chuma kinarefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Paa linalotoka nyuzi 22 alfajiri hadi 60 mchana linavuta na kurudi karibu milimita tatu kila siku. Silikoni peke yake haivumilii mwaka. Safisha mshono kwa spiriti, bandika utepe wa butili wenye upana wa sentimita 10, funika kwa kipande cha bati kilichokunjwa, ndipo silikoni iende kwenye kingo. Na silikoni inunuliwe isiyo na harufu ya siki. Ile ya harufu ya siki inatoa asidi inapokauka na inakula madini ya zinki kwenye bati.

Hata ukifanya yote hayo, tunashauri paa la pili. Kwa Tanga tunalihesabu kama sehemu ya bei, si pambo. Funika mita 7.3 kwa 7.7, yaani mita za mraba 56 hivi, kwa bati za geji 28 zenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, juu ya nguzo zake zenyewe zisizogusa nyumba. Acha nafasi ya sentimita 40 hadi 50 hewa ipite. Upande wa kusi, yaani upepo wa kusini, upewe upenu mrefu zaidi, maana mvua ya masika inakuja imelala. Kivuli hicho kinapunguza joto ndani kuliko kuongeza unene wa paneli, kinaondoa maji kwenye mshono, na kinakupa baraza ya kupikia. Baraza hiyo si anasa: nyumba hii inafunga hewa, na jiko la mkaa ndani yake ni hatari ya kifo, si ya moshi tu.

Joto lenyewe tuseme ukweli. Kimo cha ndani ni kama mita 2.2, kwa hiyo sahau feni ya dari, panga litamkuta mtu mrefu. Weka feni za ukutani na madirisha yanayotazamana. Paneli za povu la milimita 50 zinazuia jua vya kutosha zikiwa kivulini, hazitoshi zikiwa juani.

Kilicho ndani ya paneli

Hapa ndipo wauzaji wanapopunguzia gharama, kwa sababu hakuna anayepasua ukuta kuangalia. Paneli ya bei nafuu ni povu jeupe kama lile linalofungiwa televisheni, kati ya bati mbili za milimita 0.3. Povu hilo linayeyuka na kuwaka kwa moto, panya wanalitoboa na sisimizi wanajenga humo. Kila mwisho wa paneli ulio wazi uzibwe kwa bati. Kijazio kingine, sufi ya mawe (rockwool), hakiungui, ila kikilowa kinakuwa kizito na hakikauki upesi. Kwa ukuta wa jiko chukua sufi, kwengine povu litakutosha ukikubali masharti yake.

Fremu iulizwe kwa gramu. Chuma chenye alama ya Z275 kina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Z80 ina gramu 80. Zote zinang'aa sawa siku ya kwanza. Kwa kiwanja cha Raskazone, Sahare au Mwambani, Z80 ni kutupa pesa baharini. Kila boliti, kona ya kulehemu na bawaba ipakwe rangi ya zinki kabla ya kukaa, na bawaba zipakwe grisi.

Sakafu iwe ya ubao wa saruji wenye nyuzi, milimita 18. Nyingi zinakuja na ubao wa magnesiamu oksaidi. Ubao huo ukiwa na kloridi unavuta unyevu wa hewa na kutoa jasho la chumvi linalokula skrubu na fremu. Denmark waliupata mkasa huo kwenye kuta za majengo mengi, na kule ni baridi. Hapa unyevu ni wa mwaka mzima.

Umeme, maji, choo

Nyumba ya chuma lazima iwe na ethi yake. Fimbo ya shaba ardhini, waya hadi kwenye fremu, na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Fundi mwenye leseni akague nyaya kabla ya kuita TANESCO, hasa waya wa kiyoyozi. Soketi ziagizwe za pini tatu bapa kama zetu, la sivyo utaishi na adapta. Kuunganishiwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ni shilingi 320,960 kwa bei zilizorejeshwa Januari 2022, na ikihitajika nguzo moja ni 515,618. Kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kwa mwezi itakatwa kwenye LUKU kama nyumba nyingine yoyote. Aliye kwenye tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi ana uniti mbili na nusu kwa siku; kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi kwa muda wa saa nane usiku mmoja kinaweza kumaliza nne au tano peke yake.

Mabomba ya ndani kwa kawaida ni ya milimita 20 na maji taka ya choo ni 110, yote yanapatikana madukani Ngamiani. Simtanki juu ya mnara wa mita tatu inatoa msukumo wa baa 0.3 tu, kwa hiyo bafu la maji ya moto la papo kwa papo litahitaji pampu ndogo. Shimo la maji taka lichimbwe kabla nyumba haijafika, maana winchi na lori vikishapita hapo hakuna nafasi tena. Liwe mita 30 kutoka kisimani.

Kibali cha ujenzi kiombwe Jiji kupitia mfumo wa TAUSI, kwa michoro ya kiwanda iliyowekewa ramani ya kiwanja. Neno "inahamishika" halimzuii mkaguzi kuweka alama ya X.

Wapo wanaouliza kuhusu kontena kuukuu la mizigo linalokatwa na mafundi wa hapa. Ni imara zaidi na halina mshono wa paa, ila ndani lina upana wa mita 2.35 tu, na kila dirisha linalokatwa lifungwe fremu ya bomba la mraba la milimita 50 ili ukuta usilegee. Sakafu yake ya mbao huwa imetiwa dawa ya wadudu. Soma kibao cha chuma mlangoni uone ni dawa gani, na ukitilia shaka ing'oe.

Kabla ya kutuma malipo ya mwisho

Kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 isitoke mpaka ankara iseme kwa maandishi: unene wa bati la paneli, aina ya kijazio, gramu za zinki za fremu, aina ya ubao wa sakafu, aina ya soketi. Omba video ya nyumba yako ikikunjuliwa palepale kiwandani, imwagiwe maji juu ya mshono kwa nusu saa, kisha kamera iingie ndani. Agiza raba za mshono seti moja ya ziada, paneli mbili, skrubu mfuko mmoja na rangi ya kuzibia mikwaruzo, vyote viwekwe ndani ya nyumba wakati wa kupakia. Raba za vipimo hivyo hazipo Barabara ya 12 wala Kariakoo, na kila nyumba inapokunjwa ili ihamishwe, seti nzima ibadilishwe.